Neno Ulilotuachia, Nyundo

Sumbawanga, tarehe 14 Novemba

Kaka yangu Deo,

Mwaka huu mvua inatishia tu. Tangu juzi wingu jeusi limekaa juu ya vilima, halinyeshi wala haliondoki.

Nakumbuka kile kibanda cha video cha mtaani kwetu Majengo, tulivyobanana benchi la nyuma na karanga zetu. Mwigizaji akiacha kuzungumza na mwenzake, akatugeukia sisi na kuanza kutuasa, ulikuwa unapiga kelele: "Nyundo! Anatugongelea misumari!" Watu hoi kwa kicheko. Haukupita muda, Majengo yote ikawa inasema hivyo. Filamu yenye mahubiri ni nyundo.

Kisha nikaandika ule mchezo wa jumuiya yetu ya kanisani, kuhusu radi. Mimi nilicheza mama. Niliwageukia watu nikasema mara tatu: wingu likishuka, laza jembe chini, ondoka mahali pa wazi. Ukasimama kule nyuma: "Dada, nyundo hiyo! Msumari umeshazama, acha!" Hata katekista alicheka. Nilirudi nyumbani nikayafuta maneno yale. Tulipoucheza tena, kule kijijini Chala, hayakuwemo.

Wiki iliyofuata tulikuwa tunatoka shambani, wewe mbele, jembe begani. Wingu likashuka. Nilitaka kusema, weka jembe, kaka. Nikaona jinsi utakavyogeuka na kunicheka, nikanyamaza. Tulitembea hatua kama ishirini hivi, radi ikapiga. Tulikuzika kesho yake.

Oliva, binti yako uliyemwacha akitambaa, sasa ni msichana mkubwa na ana mdomo wako. Leo asubuhi alibeba jembe kwenda kupanda mahindi. Nikamwambia asiende, aone lile wingu.

"Shangazi bwana! Nyundo asubuhi yote hii?"

Nilimshika mkono nikamweleza yote, pamoja na kunyamaza kwangu, ambako sijawahi kumwambia mtu. Hakucheka. Alinitazama, akasema taratibu, "Kumbe uliona, ukamwacha baba." Akautoa mkono wake, akaenda na jembe lake.

Sasa ni saa nane. Upepo umekata, kuku wameingia ndani wenyewe. Hajarudi. Navaa viatu nimfuate. Nitaanza kumwita tangu barabarani, kwa sauti yote niliyonayo, anayetaka kucheka acheke.

Huko uliko, kaka, unikumbuke.

Dada yako