Kidudu Kilichokimbia na Siafu

Dada yangu mpendwa,

Leo siafu wamepita nyuma ya jiko langu hapa Malaba, na mara moja nimekuona wewe, umechuchumaa kule kwetu Moding na kijiti mkononi.

Unakumbuka mwaka ule baada ya Uhuru, mvua ilipowatoa siafu mashimoni? Kwetu siafu wakiingia bomani hawapigwi vita. Unabeba watoto, unafungua mifugo, unawaachia nyumba wamalize panya na mende, kisha unarudi. Wewe ndiye uliyenionyesha kidudu cheusi kikikimbia katikati ya msafara wao, mkia juu, bila wasiwasi.

"Angalia hii. Hii si siafu, lakini hawaumi hiyo. Iko na harufu yao."

Nilipagawa na vidudu vile. Ndiyo maana alasiri ile, ulipombeba kitinda mimba wetu ukaniambia, "Kimbia fungua ndama!", mimi nilichuchumaa kando ya msafara nikivitafuta. Niliposhtuliwa na kilio cha ndama, siafu walikuwa wamemjaa machoni na puani. Alijirusha, kamba ikamkaba, akaanguka. Wakaingia mdomoni. Alikufa akirusha mateke, ulimi umekuwa mweusi kwa siafu.

Baba alirudi kutoka sokoni, akaokota mpini wa jembe.

"Nani aliachiwa ndama?"

Mimi nilikuwa nimejibanza ubavuni mwake, nimeshika koti lake. Uliniangalia.

"Ni mimi, baba."

Alikupiga mpaka mpini ukavunjika. Damu ilikutoka sikioni, na sikio lile la kushoto halikusikia tena. Mimi sikuliachia koti. Baba akanipapasa kichwa kwa mkono uleule: "Wewe usilie. Wewe ni mtoto mzuri."

Dada, nilikuchukia kwa uongo ule, nikajichukia zaidi. Miaka yote ulikuwa unanigeuzia sikio la kulia na kucheka, "Sema upande huu," nami nikakuambia kila kitu isipokuwa hicho.

Wiki iliyopita tulikuzika. Shangazi alisimama akasimulia tena jinsi ulivyokuwa mzembe utotoni hata ukaacha ndama aliwe na siafu. Waombolezaji wakacheka kwa upendo. Nilikuwa nimeketi katikati yao, na mimi nikacheka.

Basi wasome wote hapa. Ndama aliachiwa mimi.

Lala, dada. Mpini ule ulikuwa wangu.

Mdogo wako, niliyeshika koti la baba