Mayai Yalikuwa na Homa

Jumanne, 3 Februari

Nimegeuza mayai asubuhi, mchana, na sasa jioni. Alama ya penseli juu, halafu chini. Mashine ya kutotolesha inanguruma polepole. Kioo chake kinasema 105 tangu jana na hakibadiliki. Vizuri.

Kyalo, kaka yangu, aliileta Desemba kutoka Marekani pamoja na transfoma yake. Inasoma Farenhaiti tu. Bwana wa kilimo alituambia mayai yanataka 37.5, kwa hesabu yetu ya Selsiasi. Nikatumia njia ya Kyalo, ile ya kwenye simu tukiulizana hali ya hewa: zidisha mara mbili, ongeza thelathini. 105. Kazi rahisi.

Mayai ni ya Mwaitu, mama mkwe. Kuku wake wa kienyeji, hachanganyi mbegu. Alinipa shingo upande.

Jumapili, 8 Februari

Baada ya kanisa Muli, shemeji yangu, ameingia chumba cha mashine na futi ya fundi. Hakubisha hodi. Akapima ukuta hadi ukuta. Kisha akaniambia mbele ya Mwaitu:

"Mama Mwende, mwezi ukiisha na hakuna vifaranga, hii chumba naweka simiti yangu."

Mwaitu akaendelea kuchambua mbaazi. Hata jicho hakuinua. Chumba hiki marehemu mume wangu alikijenga mwenyewe, mimi nikimpa mawe mkononi. Nimechukia mpaka chakula kimenishinda.

Jumatatu, 9 Februari

Nimenunua kufuli. Kubwa.

Jumanne, 10 Februari

Leo nimemulika mayai kwa tochi ya simu. La kwanza, pete ya damu na hakuna kinachocheza. La pili vilevile. Nikaendelea hadi la mwisho nikitumaini, na tumaini halikusaidia kitu.

Nimeyazika nyuma ya shamba la mbaazi. Muli amepita akipiga mluzi. Mwaitu amesema neno moja tu, kwamba kuku hana waya. Kisha akaingia jikoni.

Nimelia. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayejua.

Jumatano, 11 Februari

Kichwa kilikuwa kinaniuma. Nikachukua kipimajoto cha mwanangu Mwende, kile cha kwapani tulichonunua akiwa mdogo. 36.9. Mzima kabisa, ila hasira.

Mashine ilikuwa bado inawaka. Sijui kwa nini, nikakiweka ndani, mahali mayai yalipokuwa. Kikalia pii pii pii. 40.5.

Nimekaa chini sakafuni. Mtoto akisoma 40.5 unakimbia naye zahanati bila viatu. Mayai yangu yalikuwa na homa wiki nzima, nami nayageuza na kuyasifu.

Kwa hivyo si mashine. Si laana. Si kwamba mimi ni mjane asiyejua kitu, kama Muli anavyosema sokoni. Ni hesabu. Hesabu inarekebishika.

Alhamisi, 12 Februari

Nimempigia Kyalo. Kwanza amecheka. Nikamsomea ile 40.5, akaacha.

"Hiyo ni ya hewa, dada, ya kujua kama uvae sweta. Sikujua unalalia mayai nayo."

Akanipa ile kamili. Mara tisa, gawa kwa tano, ongeza thelathini na mbili. Nikaijaribu kwa maji yanayochemka: 100 ikatoa 212, akasema ndiyo. Kisha 37.5. Imetoka 99.5. Tofauti ya kusema "karibu tu" ndiyo iliyoua mayai ya Mwaitu.

Nimeandika 99.5 kwa kalamu nene juu ya mashine. Kipimajoto kinakubali.

Jumamosi, 14 Februari

Nimemwomba Mwaitu mayai tena. Amekataa. Nimeomba mara ya pili. Amekataa kwa Kikamba, ndiyo mbaya zaidi.

Nikaenda kwenye kiota cha kuku wake mwekundu anayelalia. Nikasukuma kipimajoto katikati ya mayai. Amenidonoa mpaka damu. Sikutoa mkono. Mwaitu amesimama mlangoni anaangalia mkamwana wake amepagawa.

37.6.

Nikamshika Mwaitu mkono, nikampeleka kwenye mashine. Nikakiweka ndani. 37.5. Kuku hajui Marekani wala hapa kwetu Ndithini, nikamwambia, anajua joto. Mwaitu ameangalia kipimajoto, akaangalia kidole changu kinavyotoka damu.

Jioni nimekuta kikapu mlangoni. Mayai, yamefunikwa kwa leso.

Jumapili, 15 Februari

Yameingia. 99.5. Kanisani sikwenda. Mungu anajua nilipo.

Jumapili, 22 Februari

Nimemulika. Mishipa, kama mizizi ya mchicha. Katikati kitone cheusi kinacheza. Nimecheka peke yangu.

Jumamosi, 28 Februari

Mwezi umeisha. Muli amekuja na mkokoteni wa simiti. Kufuli imefungwa. Nimemwambia mayai yana uhai, aje amulike mwenyewe. Akasema makubaliano ni vifaranga, si mayai. Nikamjibu kwamba mimi sikukubali chochote, alijisemea peke yake na futi yake. Sijawahi kumjibu hivyo tangu niolewe.

Halafu stima ikapotea. Simiti mlangoni, stima hakuna, Muli anatabasamu.

Nikafungua, nikaingia, nikafunga kwa ndani. Chupa za maji moto kando ya mayai, blanketi juu ya mashine, kipimajoto katikati. Ikishuka 37 naongeza maji, ikipita 38 nafunua blanketi. Nani alikuwa akichemsha maji na kunipitishia dirishani? Mwaitu. Sufuria baada ya sufuria. Muli alipomwambia aache ujinga, akamwambia asogeze simiti yake, inamzuia njia.

Stima imerudi jua likizama.

Jumamosi, 7 Machi

Ganda moja lina ufa. Ndani kuna sauti.

Jumatatu, 9 Machi

Vifaranga wametoka. Si wote, mayai machache yalibaki kimya. Waliotoka wamekauka na wana kelele.

Wiki ya kwanza wanataka 35. Mara tisa, gawa kwa tano, ongeza thelathini na mbili. 95. Nimeiandika chini ya ile nyingine.

Simiti iko kwenye baraza ya Muli, imefunikwa na turubai. Mwaitu ameleta kigoda chake, amekaa nao tangu asubuhi, mkono mmoja ndani ya boksi lao.

Nimefunga mlango jioni hii. Funguo sasa ni mbili. Mmoja ninao mimi, wa pili nimempa yeye.