Maji Hayajaiva

Jumapili, 8 Juni 2025

Idi imepita, nyama bado ipo, na mume wangu kanunua tangi la samaki. La kioo, refu kama kitanda cha mtoto! Lilikuwa la mhandisi mmoja wa barabara, kahamishwa, anauza vitu. Watu wengine walinunua viti. Zubery kanunua tangi.

Limewekwa sebuleni, pale lilipokuwa kabati langu la vyombo. Kabati limehamia chumbani, sasa tunapita ubavu ubavu kama kaa. Na kesho alfajiri yeye anaondoka na basi analoendesha kwenda Kirando, kule Ziwa Tanganyika. Tangi lake, kazi yangu.

Jumanne, 10 Juni

Nimempigia Cleophas, anauza samaki wa mapambo Dar. Kumbe hutii maji ukatia samaki ukakaa kutazama! Maji lazima yaive. Samaki akijisaidia mle, uchafu unageuka sumu — amonia — na anakufia chooni mwake. Mpaka wazaliwe bakteria wa kuila amonia. Nao wanaacha sumu nyingine, nitriti, basi wazaliwe bakteria wengine wa kuila hiyo. Wiki kadhaa. Na wote wanataka joto. Sumbawanga, mwezi wa sita, joto! Nikamwambia sisi wenyewe tunalitafuta. Akasema nunua hita.

Machujio yako ya namna tatu, kasema: la mtungi linalokaa chini ya meza, la kuning'inia nyuma ya tangi, na la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa. Mimi nimelipenda la sponji. Dogo, halina makuu. Zubery kwenye simu kasema mtungi. Kwa nini? Ndilo kubwa.

Jumamosi, 14 Juni

Baba mkwe kafika. Mzee Suleimani mwenyewe, kutoka Kirando. Kaja kupimwa presha, wiki moja tu, Zubery kaniapia. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu, hii chai ina sukari au ilipitishwa karibu na sukari?

Kisha akaliona tangi. Maji matupu, mtungi unanguruma, hita inawaka. Samaki wako wapi? Nikamweleza habari ya kuiva, mwanzo mpaka mwisho. Alinisikiliza kwa adabu sana, kama unavyomsikiliza mtu mwenye homa. Kavua miaka yote ya utu uzima wake, kasema, hajaona maji yanayomwambia samaki asubiri nje.

Halafu mbele ya Zubery: "Siondoki hapa mpaka nione samaki wanaogelea humu."

Zubery akacheka. Mie nikaenda jikoni.

Jumatatu, 16 Juni

Ili bakteria waje, lazima wakute chakula. Yaani kitu kioze mle. Cleophas anataka amonia ya chupa, nimezunguka mjini sikuiona. Basi dagaa, ndani ya soksi ya Zubery. Baba kanikuta nafunga fundo. Dagaa wa kwao, aliowaleta mwenyewe!

"Mwanangu," kasema taratibu, "hawa sisi tuliwaanika ili wasioze."

Nikakaza fundo. Soksi nikaitumbukiza.

Jumamosi, 21 Juni

Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi alasiri. Ulivyorudi tu, mtungi ukatapika — harufu ya mayai viza nyumba nzima. Cleophas: bakteria wanahitaji hewa. Umewafungia kwenye mtungi, maji hayatembei, wamekosa pumzi. Zubery alipofika harufu ilimpokea mlangoni kabla yangu.

Mtungi umerudi kwenye boksi lake. Limeingia sponji, na pampu yenye betri yake. Sikusema "si nilisema". Nimepika pilau tu.

Baba naye kakubali sponji. Eti mtungi ulikuwa unakoroma, sponji linaongea.

Jumapili, 29 Juni

Baridi! Leo maji ya kunawa yalikuwa yanauma. Kitu pekee chenye joto la maana mji huu ni tangi letu, nyuzi ishirini na sita. Baba kalivuta kiti mpaka pale, kajifunika blanketi, viganja kaviweka kwenye kioo. Hapo ndipo anaposhinda.

Jirani Winifrida kaja na ulezi wa shamba lake la Mollo. "Bado tu?" Bado. Akasema mchuzi gani huu usio na samaki. Baba akamjibu kabla yangu — eti amonia bado iko juu, kichupa cha kupimia kijani kabisa, sisi tunasubiri nitriti. Sisi! Juzi alikuwa ananiona mgonjwa.

Presha yake haijashuka. Mchana nimemkuta anamwagia chumvi ugali. Nikamnyang'anya kikopo mkononi. Nikamwambia baba, ukitaka kufa usifie kwangu! Nikajiziba mdomo, lakini lilishatoka. Yeye akala bila chumvi. Akamaliza yote.

Ijumaa, 4 Julai

Zambarau! Nimetia matone, kichupa kimegeuka zambarau kama joho la askofu. Maana yake nitriti imeingia, bakteria wa kwanza wako kazini. Wakizaliwa wa pili, nitriti nayo itakwisha, kichupa kitabaki bluu, na samaki ruksa.

Nimetangaza mezani. Si muda mrefu, baba, utaona samaki! Zubery kampigia kaka yake Masudi huko Kirando aanze kutafuta samaki wadogo wadogo wanaoishi kwenye mawe ya ziwa. Nami nimeshaanza kuwaza chumba cha wageni nitakipaka rangi gani.

Baba hakumaliza ugali. Na leo chumvi ilikuwepo, kidogo.

Jumatano, 9 Julai

Sina nguvu ya kuandika. Nimerudi kutoka dukani namkuta baba kainama kwenye bomba la uani, sponji mkononi, povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Analifua! Bakteria wote wale — wanaishi humo humo kwenye sponji!

Nikapiga kelele. Kumpigia kelele baba mkwe, uani, majirani wanasikia. Baba, si nilisema lisiguswe?

Akainamisha kichwa. "Lilikuwa chafu, mwanangu."

Cleophas kasema kwenye simu anza upya. Dagaa wengine. Soksi nyingine.

Jumapili, 13 Julai

Nilikuwa naanua nguo. Baba na Winifrida walikuwa wanaongea kwenye ua wa matete, mimi nyuma ya mashuka, hawanioni. Winifrida kamuuliza Kirando atarudi lini. Akasema Kirando kuzuri, Masudi kijana mwema, hakosi kitu. Ila tangu mama yao afariki, watu wa kule wanamheshimu tu. "Asubuhi shikamoo, jioni shikamoo. Hakuna hata mtu wa kunigombeza."

Winifrida akacheka. Akauliza na lile sponji je, si uliambiwa lisioshwe?

"Niliambiwa mara tatu."

Nikabaki na shuka mkononi. Kwanza nilitaka kutoka pale pale nimwambie. Siku nne za kuvumilia harufu ya dagaa! Halafu sikutoka. Nimekunja nguo zote, hata zilizokuwa mbichi. Nikaingia, nikamwekea chai. Nikamwambia miguu aivue viatu, zulia limefuliwa jana. Akavua haraka, karibu kwa furaha.

Jumanne, 22 Julai

Baba alikwenda msikitini adhuhuri. Nikapima peke yangu. Amonia — njano safi, haipo. Nitriti — bluu, haipo. Nikarudia. Njano, bluu.

Cleophas kasema sabuni haikuwafikia wote, wengine walikuwa kwenye changarawe, ndiyo maana yameiva upesi hivi. Hongera dada! Nikamwambia ahsante.

Vichupa nimevisuuza kabla baba hajarudi. Aliniuliza vipi leo? Nikamwambia leo sikupima, kazi nyingi. Kesho nitamwambia. Hii ni nyumba, si chuo cha maigizo.

Jumamosi, 26 Julai

Sikumwambia. Na leo mchana gari limesimama nje — Masudi! Hakupiga simu. Kashika ndoo ya samaki hai, wenye mistari, wazuri mno. Kaazima gari la rafiki yake, lazima alirudishe leo leo, anaondoka na baba baada ya alasiri. Zubery alimwambia maji yako karibu kuiva.

Baba hakubisha. Kaingia chumbani, katoka na begi na kofia yake. Kakaa kwenye kiti chake cha pale kwenye tangi. Kajifunika blanketi, na kofia kichwani.

"Haya, mke wangu," Zubery kasema, "tupimie."

Wote wamenizunguka. Nikatia matone, nikatikisa, nikavisimamisha vichupa dirishani. Njano. Bluu. Baba alikuwa anaviangalia. Rangi zile anazijua kama mimi. Akaangalia sakafu, akaanza kutafuta viatu kwa mguu.

"Tayari?" Zubery kauliza.

"Bado," nikasema. "Hayajaiva."

Zubery akachukua kadi ya rangi, akalinganisha. Lakini mbona hii ni bluu kabisa! Masudi naye akasogea, akasema kweli, bluu. Sikuweza kunyanyua uso.

Baba akanyoosha mkono, akapewa kadi. Akavaa miwani. Akaigeuzia kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu sana.

"Bluu iliyotulia haiwi hivi," akasema. "Hii ina zambarau kwa mbali. Mkeo anajua."

Nikasema nakwenda kuchukua dawa nyingine ya kupimia. Nimekuja chumbani, nimekaa kitandani, naandika upuuzi huu. Dawa nyingine hakuna. Sebuleni Masudi anauliza sasa samaki wakae wapi, wameanza kuhema juu juu, ndoo hii hawatafika nayo jioni. Zubery ananiita, mara ya pili sasa. Na namsikia baba akimjibu:

"Mwache mwenzio. Anapima tena."