Tonge Nililolikataa Kireka

Bukoto,
S.L.P. 4417,
Kampala.

19 Oktoba 2008

Mpendwa dada Akech,

Nakusalimu nikiwa Bukoto, mvua inapiga bati na umeme umekatika tangu asubuhi. Goti lako linaendeleaje? Barua yako ya mwisho ilisema unapanda ngazi za kanisa kwa ubavu kama kaa. Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka. Shemeji je, kikohozi kimemwachia? Na baba mdogo, bado anasikiliza treni zikiingia Tabora na kusema zimechelewa, wakati mwenyewe alistaafu reli miaka ishirini iliyopita? Mwambie ni kweli, zimechelewa.

Sisi huku tu wazima kwa jumla. Ni hilo neno "kwa jumla" ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Asali uliyotutumia ilifika mwezi wa saba. Umeniuliza mara mbili kama ni tamu na mara zote mbili nimejifanya sikuona swali. Ukweli ni kwamba sijui. Wiki ileile ilipofika, daktari mmoja mwenye kliniki upande wa Lubaga alinipima akaniambia nina ugonjwa wa sukari, na si wa jana. Namalwa aliifungia asali kabatini, na ufunguo anauvaa shingoni kama askari jela. Mke wangu ni mtu mpole, lakini sikuwahi kumwona akifurahia madaraka kiasi hiki.

Sikukuambia mapema kwa sababu sikutaka kuhurumiwa. Daktari alinitajia miguu, figo na moyo, nikamsikiliza kama abiria anayesomewa vituo asivyoshukia. Alipofika kwenye macho nikakaa sawasawa. Unajua ninavyoishi. Mchana nasahihisha kazi za watu katika kiwanda changu kidogo cha uchapaji pale Nasser Road, jioni nasoma, na katikati nawaandikia wahariri wa magazeti kuwasuta mawaziri, maaskofu na wahariri wenyewe. Bila macho mimi si mtu, ni kelele tu.

Basi nikaanza kujizuia. Nilipewa karatasi: nusu ya sahani iwe mboga, ugali usizidi ngumi, chai bila sukari, soda marufuku. Nyumbani hilo si kazi, maana Namalwa anapika na Namalwa anapakua. Kazi iko nje. Hapa Kampala hakuna jambo linalofanyika bila sahani. Mtoto akibatizwa watu wanakula, mtu akizikwa watu wanakula, kamati ya harusi ikikutana watu wanakula, na harusi ikiisha kamati inakutana tena kujivunja, na hapo pia watu wanakula. Ukisema umeshiba unaambiwa "kidogo tu". Kwenye ubatizo mmoja mama mmoja aliniwekea matoke mara tatu kwa jina la hicho kidogo, na kila mara alinitazama mpaka nimeze. Tena nilikuwa nimeanza kupungua, na mtu akikonda hapa watu hawamwulizi anaumwa nini. Wanahesabu wenyewe miaka yake ya ujana na kunong'ona Ukimwi.

Ikabidi nitafute ujanja, na ujanja niliopata ulitoka katika kipaji changu cha pekee. Niligundua kwamba mtu anayebishana hawezi kulishwa. Sahani ikija naipokea, halafu namgeukia jirani yangu na kumshambulia kwa jambo lolote: ardhi, shule, bei ya karatasi. Chakula kinapoa, wengine wanamaliza, vyombo vinaondolewa. Sikukuu ya Idd mwanzoni mwa mwezi huu tulikuwa kwa rafiki yangu Asuman, mfunga vitabu, nyumbani kwake Old Kampala. Pilau yake unaisikia harufu kabla hujafika mlangoni. Nilikula kachumbari na kipande kimoja cha nyama, muda wote nikiwagombeza shemeji zake juu ya bajeti ya serikali. Asuman alinisindikiza akicheka, akasema, "Mzee Ogutu, leo umekula maneno tu." Nilirudi nyumbani najiona shujaa. Nilikuwa nimepungua kilo tisa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Binti yetu Awiti amepata mchumba. Anaitwa Onen, mwalimu wa fizikia, kijana anayenipinga kwa adabu na hakubali upesi, kwa hiyo nampenda. Baba yake ni mzee Obita, alikuwa polisi miaka thelathini, sasa amestaafu na anakaa Kireka. Mama yake anaitwa Adyero. Kwao ni Pader, kaskazini. Jumamosi tarehe nne tulialikwa Kireka, mimi na Namalwa na Awiti, tujuane kabla ya wazee kukaa rasmi. Awiti alikuwa ametunyooshea nguo zetu tangu Alhamisi.

Tulipokelewa vizuri sana. Obita na mimi tulianza kwa Kiluo changu cha Kisumu na Kiacholi chake, tukafurahi kuona kwamba tunaelewana nusu, kisha tukarudi kwenye Kiswahili ili Namalwa naye asiachwe nje. Mikono ikanawishwa. Adyero akaingia mwenyewe, hakumtuma mtu, akiwa ameshika kwa mikono miwili sinia la ugali wa wimbi. Nyuma yake ikaja malakwang, ile mboga chachu wanayoipika kwa karanga na ufuta uliosagwa. Akapiga goti, akaweka sinia mbele yangu, mbele yangu mimi kwanza, akangoja.

Nikasema ahsante, mimi sitakula.

Alidhani natania. Obita akanihimiza. Namalwa akanikanyaga mguu. Hapo, dada, ningeweza kusema maneno matano, "Mimi nina ugonjwa wa sukari," na mambo yakaisha. Lakini kuyasema mbele ya wakwe, mimi niliyeingia mle kifua mbele, kulinishinda. Nikafanya ninachojua kufanya. Nikahutubia.

Nilisema karamu zetu zimekuwa mahakama ambamo mgeni anahukumiwa kula. Nilisema kitambi kimegeuka cheo, na wenyeji wanalisha wageni ili kuonyesha uwezo. Nilikuwa na mifano, nilikuwa na tarakimu, sauti yangu ilikuwa nzuri. Kisha nikasema, na hili nakunukulia kama lilivyotoka, "Shida yetu siku hizi ni kwamba tunakula kuliko tunavyohitaji." Hakuna aliyenyoosha mkono kwenye sinia. Nilidhani nimeshinda.

Dada yake Obita, Anena, ndiye aliyenijibu. Alisema polepole, akimtazama Adyero badala yangu, "Huyu mukwe anafikiri sisi tumeweka kitu." Unajua hofu ya sumu ilivyo katika miji hii. Mtu akikataa chakula chako nyumbani kwako, hiyo ndiyo maana ya kwanza inayowajia watu. Nikaapa kwamba siyo, nikaeleza, na kila nilivyoeleza nikazama. Obita alinitazama kwa macho aliyokuwa akiwatazamia mashahidi waongo. Adyero akafunika sinia kwa kitambaa, akalibeba, akatoka. Hakuna aliyekula. Tulifunguliwa soda, na soda ndiyo niliyokatazwa kuliko vyote. Nikainywa yote.

Baada ya siku hiyo Onen hakuja Bukoto. Hakuja Jumapili, hakuja katikati ya wiki. Simu zake kwa Awiti zikawa fupi, kisha akamwambia wazi kwamba nyumbani kwao wamesimamisha habari zote. Baba yake alisema hawezi kuingia ukoo wa watu wanaomdhania mkewe mchawi. Awiti hakunipigia kelele. Alikuja chumbani ninaposomea, akasimama, akanieleza alichoambiwa kuhusu unga wa ule ugali.

Wakati wa vita vya waasi kule kaskazini Adyero alikaa katika kambi ya waliohamishwa, yeye na watoto, miaka minane, mumewe akiwa kazini Kampala. Walikula mahindi ya msaada. Alikuja Kireka baadaye, lakini dada yake alibaki, na mwaka huu ndipo aliporuhusiwa kurudi kwenye shamba lao. Alipanda wimbi. Mwezi wa nane akavuna, mavuno ya kwanza kwenye ardhi yao tangu wahamishwe. Akamtumia Adyero debe moja la unga kwa basi. Adyero hakuligusa. Alilihifadhi majuma sita, akisema litafunguliwa siku wakwe watakapokuja. Hao wakwe ni mimi. Na mimi nikawaambia kwamba tunakula kuliko tunavyohitaji.

Bado sijafika chini, dada. Hili linalofuata hata Namalwa hakulijua mpaka wiki hii. Siku ile ya Kireka nilitoka nyumbani saa nne nikisema naenda kununua muda wa maongezi. Nilikuwa na njaa, maana Namalwa hakunipa chakula kwa kuwa tunakwenda kualikwa. Pale sokoni Bukoto kuna mtu anayekaanga chapati na kuikunja na mayai ndani, huku wanaiita roleksi. Nilikula mbili, nimesimama nyuma ya kibanda chake kama mwizi. Kwa hiyo nilipofika Kireka sikuwa mtu mwenye msimamo. Nilikuwa mtu aliyeshiba, mwenye hatia, anayetaka kulipa dhambi yake kwa chakula cha mtu mwingine. Na karatasi ya daktari ilikuwa mfukoni mwangu. Nimeisoma tena. Ugali wa wimbi, ngumi moja, unaruhusiwa. Mboga za majani, bila kipimo.

Jumatano nilikwenda Kireka peke yangu. Njiani nilitayarisha hoja tatu, ya kwanza juu ya historia ya kambi zile na kosa la serikali. Nilimkuta Adyero nyuma ya nyumba anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinuka. Alinionyesha kigoda, nikakaa, magoti yakifika kidevuni, na zile hoja zote tatu zikanitoka kichwani. Nikamwambia, "Mama Onen, mimi ni mgonjwa wa sukari, nikaona aibu kusema. Na asubuhi ile nilikuwa nimekula chapati barabarani."

Akaendelea kuchambua. Akauliza ngapi. Nikasema mbili. Akauliza kama zilikuwa na mayai. Nikakiri mayai.

"Kumbe wewe hapana ogopa mimi," akasema. "Wewe naogopa chapati."

Hakucheka, na mimi sikuthubutu. Akachambua mpaka ungo ukaisha ndipo akainua uso. "Ile siku wewe nasema sisi nakula mingi. Nani? Mimi?"

Dada, nimebishana na watu wenye shahada tatu. Hapo nikauinamia ungo, naye akanieleza, bila kupandisha sauti, jinsi alivyokuwa akipanga foleni na kadi na beseni, jinsi watoto wake walivyojua mwezi kwa rangi ya mahindi yaliyoletwa, na kwamba mwanawe mdogo alikuwa na miaka saba kabla hajajua kwamba chakula kinatoka ardhini. Alidhani kinatoka kwenye lori.

Nikamuuliza kama unga ule umebaki hata kidogo, nile sasa hivi, pale pale. Akasema haupo. Ule aliopika aliwagawia majirani jioni ileile, na uliosalia debeni akawapa pia, kwa kuwa hakutaka kuuona tena nyumbani mwake. Hakusema ili kuniumiza. Nilikuwa nimezoea kwamba kosa langu lolote naweza kuliandikia masahihisho juma linalofuata.

Obita aliporudi walizungumza kwa lugha yao, nikaelewa nusu. Kisha Adyero akanipa uamuzi. Mvua za Machi zikianza dada yake atapanda tena, na mwezi wa nane atavuna. Hapo tutakwenda, sisi wote, si Kireka bali Pader, tukale kwenye ardhi yenyewe, na baada ya hapo wazee watakaa. Mpaka siku hiyo hakuna posa wala barua. Akaniuliza daktari ameruhusu ugali kiasi gani. Nikamwonyesha ngumi. Akaishika, akaigeuza huku na huku kama anayepima kiazi sokoni, akasema, "Hii inatosha."

Nilipomweleza Awiti, alisema, "Miezi kumi, Baba. Kwa chapati mbili." Akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Asubuhi yake alitoka akaniambia ataomba likizo mwezi wa tatu, aende Pader na mama mkwe wake kusaidia kupanda. Hajawahi kushika jembe. Onen amekuja jana, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Alikaa upande wa pili wa meza na hakunipinga kwa lolote, jambo lililoniuma, lakini alikuja.

Wikendi ijayo nimealikwa mahali pawili. Nitakwenda. Na wakiniletea sahani nitawaambia mimi ni mgonjwa wa sukari, nipeni mboga. Nimejaribu mara moja mbele ya kioo, na ni sentensi ngumu kuliko zote nilizowahi kuandika dhidi ya mawaziri.

Nisalimie shemeji, nisalimie baba mdogo na treni zake, mama mdogo, Makokha na mkewe, na huyo mjukuu wako mpya ambaye bado hamjakubaliana jina. Namalwa anakusalimu sana na anasema asali iko salama. Mungu awalinde wote nyumbani kwako, alipe goti lako nguvu, akupe usingizi mzuri.

Na ukipiga hilo goti kunisalia, usiombe kilo zangu zipungue. Hizo ni kazi yangu. Ombea mvua ya Pader.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye hata nikiwa mbishi,

Ogutu