Kifua cha Mkwe

Mjukuu wangu Awor,

Hapa Mwello tu wazima, na mtama unakomaa. Mama yako amemleta baba yako akae kwetu, karibu na hospitali, maana moyo bado unamsumbua. Mchana mama yako akienda sokoni, tunabaki mimi na mkwe wangu.

Umeniuliza kwa nini, na uzee huu, nilimwomba muuguzi anifundishe kumbonyeza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama. Nilipokuwa msichana, mume wa dada yangu alianguka uani kwetu. Mama alikuwa karibu naye, lakini kwetu mama mkwe hamgusi mkwe wake. Aligeuza uso, akawaita wanaume waliokuwa shambani. Walipofika, shemeji alikuwa ameshakufa. Hakuna aliyemlaumu mama.

Jana nilizungumza na baba yako, yeye uani, mimi nyuma ya mlango, kama desturi yetu.

"Mkwe, ukianguka hapa nitakushika. Nitakubonyeza kifua kwa mikono yangu miwili."

Nilimsikia akigeuza kiti chake.

"Sawa, mama," akasema. "Basi huo mlango usiufunge."

Tangu jana uko wazi.

Nyanya yako