Ujumbe wa Shafti Ambao Sikuufikisha

Kijiji cha Kerende,
Nyamongo, Tarime,
Mara.
Jumamosi, 18 Januari 2025

Mpendwa Mjomba Kisyeri,

Shikamoo. Habari za Mpanda, na kazi inaendaje? Mama Neema na watoto hawajambo? Mlipopiga simu siku ya Krismasi Neema alikuwa anakohoa sana, natumaini sasa amepona. Huku mvua imekatika mapema, na vumbi la malori limerudi juu ya kila kitu, hata juu ya mbuzi. Sisi ni wazima. Bibi, mama yako, anakusalimu. Macho bado yanamsumbua, lakini masikio yake ni mazima kuliko yetu sote. Utaona kwa nini nasema hivyo.

Matokeo ya kidato cha nne hayajatoka. Nakaa, nasimama, nafagia uwanja ambao nimeshaufagia. Mama anasema nitamaliza ufagio. Lakini si matokeo yanayoninyima utulivu, Mjomba. Nakuandikia kwa sababu simu ya Mama ikiita inawekwa sauti kubwa na nyumba nzima inasikia, na jambo hili sijamwambia mtu yeyote.

Unajua Bibi anavyokwenda kliniki Tarime tangu mlipokubaliana apande gari la Baba. Anakaa nyuma, khanga imeshuka mpaka kwenye nyusi, na Baba hageuki. Kwa kuwa kwetu mtu na mama mkwe wake hawaongei ana kwa ana, mimi nakaa mbele kupeleka maneno. "Mwambie baba yako apunguze mwendo." "Mwambie bibi yako barabara ndiyo mbaya." Na wako hatua moja! Tena Baba, ili asionekane anasikiliza maneno ya mkwe wake, anafungulia redio mpaka vioo vinatetemeka.

Sasa sikia kosa langu. Siku tatu kabla ya Krismasi Baba aliliacha gari kwa Simioni, yule fundi kijana wa pale njia panda, libadilishwe oili, kisha yeye akaenda mnadani. Mimi nilitumwa kuchukua ufunguo. Simioni akaniita nichungulie nyuma ya gurudumu la mbele la kushoto. Ndani ya rimu kulikuwa na grisi nyeusi imerukia kila mahali.

"Mdogo wangu, unaona hiki chuma? Hii ndiyo shafti. Inatoa nguvu kwenye gia boksi inaipeleka kwenye gurudumu. Huku mwisho ina jointi, ndiyo inayoiwezesha kuzunguka hata gurudumu likikunjwa. Na huu mpira wenye mikunjo tunauita buti, kazi yake kutunza grisi. Umechanika. Vumbi la hapa likiingia humo, limeingia kwenye chakula. Mwambie mzee alirudishe wiki hii hii. Nitasafisha, niweke grisi mpya na buti jipya, basi. Akichelewa ni jointi nzima."

Nilisema ndiyo. Nilipofika nyumbani Baba alikuwa na wageni. Nikasimama mbele yake, nikafungua mdomo, nikamuuliza kama wanataka chai. Kesho yake nikasema kesho. Wewe unanijua, Mjomba, hata shuleni niliitwa Bubu. Mwisho nikajiambia labda Simioni atamwambia mwenyewe. Lakini yeye alishaniambia mimi, kwa nini arudie?

Mwaka mpya ulipoanza, mlio ukaja. Baba akikata kona, upande wa kushoto unalia ka-ka-ka-ka, usukani ukinyooka unanyamaza. Baba hakusikia kitu kwa sababu ya redio. Bibi akasikia.

"Efrazia, mwambie baba yako gari lake linatafuna mifupa."

"Anasemaje?" Baba akauliza.

"Anasema jua ni kali."

Nilimsikia Bibi akiguna nyuma yangu.

Jumanne iliyopita tulikuwa tunapanda ule mlima kabla ya Nyamwaga, tukiwahi kliniki. Kwenye kona kukasikika mshindo chini ya miguu yangu. Injini inanguruma, gari haliendi. Kisha likaanza kurudi nyuma. Baba alivuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote, akapiga kelele niweke jiwe. Niliruka nikaweka jiwe kwenye tairi, na Bibi ndani anaomba kwa Kikurya. Hakufika kliniki. Alirudi kwa bodaboda, na siku mbili alilala kichwa kinamgonga.

Fundi aliyekuja kutusaidia ni Emanueli wa Tarime mjini. Nilimshikia spana. Alilegeza nati kubwa ya katikati gurudumu likiwa bado chini, ndipo akapiga jeki. Akaachanisha mkono wa chini unaoshika gurudumu, akaichomoa shafti kwenye gurudumu, kisha akaing'oa kwenye gia boksi kwa mtaimbo, na oili ikamwagika kwenye beseni. Ile jointi ilitoka vipande vipande. Gololi za ndani yake zilizopaswa kung'aa zilikuwa na mashimo kama meno mabovu, na ile grisi ukiifikicha ilikuwa uji wa mchanga. Aliniwekea gololi moja kiganjani.

"Hii imekula vumbi karibu mwezi mzima," alisema. "Ingewahiwa, lilikuwa suala la mpira tu." Kisha akafunga shafti mpya aliyoagiza kutoka mjini.

Kumbe maneno hayo Baba aliyaelewa vingine, kwamba Simioni alizembea. Jumatano alikwenda kwa Simioni, bodaboda wote wakiwa pale kivulini. Na Baba ni mzee wa kanisa, akisema mtu ni mzembe watu wanaamini.

"Gari lilikuwa mikononi mwako! Ulilala chini yake, hukuona? Mama mkwe wangu alikuwa ndani!"

"Niliona, mzee. Niliacha ujumbe."

"Kwa nani?"

Nilikuwa nyuma ya Baba nimeshika ndoo, natoka kuchota maji. Simioni akanitazama. Nadhani aliona nilivyoogopa. Akaangalia chini, akasema, "Nimesahau, mzee. Labda sikusema."

Bodaboda mmoja akacheka, "Fundi, wewe kafunge baiskeli!" Wote wakacheka. Tangu siku hiyo hakuna gari linalosimama pale. Mwenye kiwanja amemwambia aondoke, na Jumatatu anapeleka vyombo vyake Sirari kuanza upya kwa watu wasiomjua.

Mjomba, naomba uniambie nifanye nini. Nilitaka nikuombe umpigie Baba, wewe anakusikiliza. Lakini sasa nahesabu siku: barua hii itaondoka Jumatatu kwa basi, na Jumatatu Simioni hayupo. Nimeandika kurasa zote hizi bila kuliona hilo. Mama ananiita, naacha hapa.

Jumapili, saa tisa mchana.

Mjomba, naendelea.

Asubuhi tulikuwa tunakwenda kanisani, Baba na mimi mbele, Bibi nyuma. Mama alitangulia na kwaya. Baba akafungulia redio kama kawaida. Ile gololi niliifungia kwenye pindo la leso. Nikaishika mpaka ikapata joto. Tulipita shule, tukapita mashine ya kusaga. Nikaona njia panda kwa mbele, na Simioni anafunga boksi lake la spana kwa kamba.

Nikazima redio.

Sijawahi kugusa redio ya Baba maishani mwangu. Alinitazama kana kwamba nimeshika usukani. Nikasema yote kwa pumzi moja, nikiangalia mbele: kwamba ujumbe niliachiwa mimi, siku tatu kabla ya Krismasi, na wiki aliyosema Simioni ikapita na sikusema. Kwamba Bibi naye alisikia mlio na mimi nikasema jua ni kali. Kwamba Simioni alinifichia kosa langu.

Baba alisimamisha gari. Kisha akasema, si kwa ukali, "Mtoto, tungebiringika."

"Ndiyo, Baba."

"Na bibi yako ndani."

"Ndiyo, Baba."

Njia panda tulikuwa tumeshaipita. Akawasha gari, akasema, "Mwambie bibi yako leo tutachelewa ibada."

Kabla sijafungua mdomo Bibi akajibu, sauti yake ikasikika gari zima kwa kuwa redio ilikuwa imezimwa, "Mwambie baba yako Mungu yupo hata njia panda."

Baba akakunja usukani mpaka mwisho, gari likageuka polepole katikati ya barabara. Wote watatu tulikuwa tunasikiliza. Kushoto hakukulia kitu.

Bodaboda walikuwepo walewale. Baba alishuka na suti yake, akavua kofia, akasema mbele yao, "Simioni, nilikukosea. Ujumbe ulikuja, ulikwama nyumbani kwangu." Hakunitaja. Kwa hiyo nikashuka, nikasema, "Ulikwama kwangu." Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie.

Simioni aliweka boksi chini. Sijui kama atabaki. Amesema atazungumza na mwenye kiwanja, na Baba amesema watakwenda pamoja kesho asubuhi. Usiku huu sidhani nitalala vizuri mpaka nione. Ila kabla hatujaondoka Simioni alilala chini ya gari akakagua buti la kulia, akaniita niangalie. Lina ufa mdogo, bado halijapasuka.

"Mwambie mzee," akasema, halafu akacheka.

Baba alikuwa amesimama pale pale. Nilimwambia.

Nisalimie Mama Neema, Neema mwenyewe na wadogo zake wote. Bibi anasema uje kabla macho hayajamzidi, na uje kwa basi. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akupe wasaa wa kunijibu.

Ni mimi mpwa wako, nakupenda na kukukumbuka,
Efrazia