Umezikwa Hujachekwa

Wewe Mihambo, mpagazi usiye na mzigo, mla michembe ya viazi, mtani wangu,

Nakutukana hapa mwanzo kwa sababu ndivyo tulivyozoeana, wala usidhani nimechangamka. Ulimi unatukana wenyewe, kama kuku aliyekwisha kuchinjwa anavyokimbia uani.

Mwandiko uuvumilie. Shule sikuiona, na hizi herufi ni wewe uliyenifundisha pale barazani, kwa kipande cha mkaa, ukisema siku Mzaramo akijua kusoma dunia itakwisha. Dunia ipo. Wewe ndiye umekwisha.

Nikupe habari za nyumbani. Lile ghorofa la upande wa msikiti limemalizika, na nyumba yetu imebaki katikati ya maghorofa kama jino moja kinywani. Jua la uani sasa tunalipata kwa kuazima. Vitumbua napika kama kawaida, ila wateja wananilalamikia: kuna siku naweka sukari mara mbili, kuna siku siweki kabisa. Nikionja sipati ladha, sasa nitajuaje? Chumba chako kipo, sijapangisha. Gita wapwa zako walilichukua, koti la ngozi wakaliacha, walisema linanuka. Kweli linanuka. Jasho, moshi wa jiko langu, na ile dawa yako ya kuchua mgongo. Mtu gani anavaa koti la ngozi Kariakoo, na joto hili? Nilikuuliza, ukanijibu, "Wanaopiga roki hawasikii joto," na huku jasho linakutiririka mpaka kwenye nyuzi.

Siku uliyokufa sikufika. Masika ilikuwa imejaza bonde la Jangwani, barabara imefungwa, na wewe umelazwa hospitali ng'ambo ya pili. Nilisimama na watu wengine tunayaangalia maji, mkononi nina chupa ya chai nimetia uji wako. Nikarudi nao. Kesho yake nikarudi nao tena. Maji yalipopungua nikavuka, nikakuta kitanda chako kimetandikwa shuka safi. Nesi akaniambia, "Bibi, ndugu zake wameshamchukua, wameondoka naye alfajiri kwenda Tabora." Nikasema haya. Nikakaa kwenye benchi nikaunywa ule uji. Ulikuwa umepoa. Nikaisuuza chupa bombani nikarudi nyumbani.

Chozi halikuja. Watu walikuja barazani kunipa pole, nikawa nawaitikia huku nageuza vitumbua. Mwanangu Salima akasema, "Mama, lia basi, utapata maradhi." Nilie kama nani? Sikuwa mkeo, sikuwa dada yako. Mimi mtani, na kazi ya mtani unaijua. Mnyamwezi akifa, Mzaramo anavaa nguo zake, anatembea kama yeye, anaongea kama yeye, anamtangaza uchoyo wake mbele ya maiti mpaka wafiwa wacheke na machozi yako shavuni, na hakuna wa kumkataza. Tuliahidiana mara ngapi? Ulikuwa ukiniambia, "Tatu, nikitangulia mimi, usiponivalia koti langu sitalala. Nitarudi kukugongea bati." Nami nikakwambia nikitangulia mimi uvae kanga zangu, ila usizipasue kwa hilo tumbo.

Haya, umezikwa huko Tabora. Sijui kama kuna aliyekutania, labda hakuna, wapwa zako wale wana sura za maofisa. Umezikwa hujachekwa. Hilo ndilo nililolala nalo na kuamka nalo, nasikiliza bati.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Asubuhi moja nauza, akaja msichana amenyoa kipara, ana kipini puani, nyuma yake vijana wawili wenye nywele kama kamba za katani. "Shikamoo bibi." Marahaba, vitumbua vimekwisha. "Hatujaja kwa vitumbua, bibi. Tumekuja kwa ajili ya Mzee Mihambo." Nikamwambia Mzee Mihambo naye amekwisha. Mwingine angeondoka. Huyu, Zuhura jina lake, akaguna kicheko, akapindua ndoo yangu akaikalia. Nikampenda hapo hapo, ila sikumwonyesha.

Kumbe wanarekodi nyimbo zako. Kila mwanamuziki anachukua wimbo mmoja anauimba upya kwa namna yake, halafu ziwekwe pamoja, iwe albamu ya kukuenzi. Hawana kampuni wala tajiri, wanajichangia wenyewe. Anayepiga ngoma mchana anauza viatu vya mitumba. Zuhura anasema bila wewe asingeshika gita. Anasema kupiga roki kwa Kiswahili, bila kujifanya umezaliwa Ulaya, wote wamejifunza kwako. Nikamwuliza, Mihambo huyu huyu? Aliyekuwa anaanika soksi juu ya unga wangu wa mchele?

"Huyo huyo, bibi."

Akataka niende studio nikasikilize, maana ati mimi ndiye familia yako hapa mjini. Nikasema mimi si familia, mimi mtani. "Si ni sawa tu, bibi?" Nikamwambia si sawa hata kidogo, familia inalia, mtani yuko kazini. Hakunielewa. Watoto wa siku hizi utani wanaujua wa mpira tu. Alichonisisitizia ni kimoja: "Bibi, uje na kitu cha kujifunika. Mle ndani kuna kiyoyozi, utaganda."

Nguo ya baridi, mimi, Kariakoo! Nilipekua nyumba nzima. Kilichokuwepo ni koti lako.

Studio yenyewe iko juu kabisa ya ghorofa la maduka ya vitenge, upande wa Msimbazi, na lifti imekufa. Kila ngazi nilikutaja, na sikukutaja kwa wema. Mle ndani wamebandika magodoro ukutani kama watu wanaoogopa kujigonga. Nikavaa koti, nikakaa, wakafungulia spika.

Mihambo, wanajua kupiga. Vidole vyao vinakimbia kuliko vyako. Lakini nyimbo zote zimelowa. Kila mmoja anaimba kwa upole, unaona kabisa amefumba macho, kama amesimama mbele ya jeneza na viatu kavua. Mpaka ule uliokuwa unanitukania mimi! Umesahau? Bati la chumba chako lilitoboka, nikakwambia subiri kiangazi, wewe ukatoka uani na gita unanipigia kelele mbele ya wapangaji wote:

Mwenye nyumba, mwenye nyumba,
mvua imehamia kwangu,
nayo hailipi kodi!

Yule kijana aliuimba kama bati limemwangukia mama yake mzazi.

Nikajipapasa moyoni, kama unavyopapasa kanga kutafuta fundo uliloweka. Hamna kitu. Baridi tu ya kile kiyoyozi. Nikafikiri basi, ndivyo nitakavyokuwa, nitakufa hivi hivi nikiwa nimeshakufa.

Zuhura akazima. "Bibi, tumekosea?"

Nikamwambia hamjakosea, mmemzika vizuri sana. Alizikwa Tabora hajachekwa, mmemzika tena hapa na hajachekwa. Nikasimama, na nilisimama kwa ajili ya magoti tu, yalikuwa yanauma. Kijana mmoja akaniangalia na koti lile, mikono yake imenivuka vidole, akasema, "Duh, Mzee kafufuka!" Kisha akaziba mdomo, macho yamemtoka, akijua amenikosea adabu.

Mtoto yule Mungu amlinde. Alinifungulia mlango.

Nikainamisha bega la kushoto. Nikaburuta mguu. Nikakohoa kile kikohozi chako cha kutaka watu wanyamaze. Nikapandisha suruali ambayo sijaivaa. Nikahesabu kama ulivyokuwa unahesabu ukinianzia uchokozi: "Moja, mbili, Mzaramo mwizi, nne!" Zuhura akaanguka sakafuni. Yule wa ngoma akadakia hapo hapo. Nikauimba wimbo wako kwa pua yako, nikauimba vibaya kama wewe, na katikati nikakutangaza: unavyojificha chooni siku ya kuchota maji, unavyomwambia kila mwanamke kwamba wimbo huu ni wake, unavyopita kwenye sinia langu na kuondoka na kitumbua mdomoni, huku unanisalimia kwa kichwa. Wanapiga, wanajifuta machozi kwa mabega, "Bibi umeua! Bibi umeua!" Nami nacheza na koti lako, jasho linanitoka, kiyoyozi sikisikii tena. Kumbe ulikuwa husemi uongo kuhusu hilo joto.

Sasa, ule wimbo una majibu. Kwenye kanda zako hayamo, maana mimi nilikuwa naujibu kutoka jikoni na mchi mkononi. Wewe ukimaliza kwamba mvua hailipi kodi, mimi napaza sauti: "Hamia Tabora, kwenye paa la nyasi!" Wapangaji wanapiga makofi. Miaka na miaka, hata Salima alijifunza kuongea na maneno hayo. Basi nikafika hapo. Ngoma ikaniachia nafasi. Nikafungua mdomo.

Hayakutoka.

Hamia Tabora. Nilikwambia mara nyingi mno, na umeshahamia.

Nilibaki pale mdomo wazi, ngoma inaendelea peke yake. Halafu nikajisikia nasema, na haikuwa kwa pua yako tena, ilikuwa sauti yangu, ile ya kukuita kula: "Rudi, nimeziba."

Wakaacha kupiga, mmoja baada ya mwingine. Zuhura maiki alikuwa hajaizima tangu mwanzo. Akaniuliza taratibu, "Bibi, turudie hapo uliponyamaza?" Nikamwambia asirudie. Aache vile vile, na ule ukimya, na pumzi zangu za kupanda ngazi. Kisha nikaona hawa watoto wataanza kunionea huruma. Nikavinyakua vijiti vya ngoma nikavitia kwapani, nikasimama mlangoni: hatoki mtu humu mpaka mtani apewe haki yake. Wakaniagizia chipsi kuku na soda. Nikala. Chumvi ilikuwa imezidi.

Chumvi nimeisikia, Mihambo. Nilikaa na kipande mdomoni nikawa sikimezi, naisikiliza ile chumvi.

Sikulia, kwa hiyo usijisifu. Wala sitasema nimepona. Unajua mguu ukifa ganzi: ukiwa umekufa hauna neno, unapoanza kuamka ndipo unatamani ukatwe. Niko hapo. Asubuhi nikipita mlangoni kwako na sinia, nasikia sisimizi mwili mzima.

Halafu kuna jambo jingine. Nilisema nimeziba, na nilikuwa sijaziba. Ndoo yako ya kukingia mvua ilikuwa bado pale katikati ya chumba, ulivyoiacha. Kukudanganya ulipokuwa hai ulikuwa utani wetu. Kumdanganya maiti, tena kwenye maiki, Mungu ataniuliza. Kulipokucha nikamwita fundi, nikamsimamia kwenye jua kama askari. Kabandua bati bovu lote, kaweka jipya, kapaka lami penye misumari. Akaniuliza, "Bibi, chumba kizuri, unampangisha nani?" Nikamwambia kina mwenyewe, yeye apige misumari.

Albamu imetoka. Unapigwa madukani. Juzi nimepita kwa wauza mitumba, spika iko juu ya rundo la suruali, watu wanabishania bei. Ilipofika penye Mzaramo mwizi, wakacheka wote, hata yule muuzaji anayejifanya mkali. Ikafika pale nilipokwama, wakanyamaza. Mama mmoja ameshika suruali mkononi, haiweki chini wala hailipii, anasikiliza tu. Hakujua kuwa mwenye sauti amesimama nyuma yake na unga wa mchele kichwani. Nikapita zangu.

Kwa hiyo umechekwa. Umechekwa Kariakoo, ambako ndiko kwenu, wapwa zako waseme watakavyo. Usije kunigongea bati, ni jipya.

Lakini deni la kaburini liko pale pale, nalo nitalimaliza kabla ya vuli. Nitapanda basi nije Tabora na koti lako, nilivae juani mbele ya ndugu zako, niwaonyeshe unavyokohoa. Wakinuna, wanune. Na vuli ikifika, mvua ya kwanza nitalala chumbani kwako, kwenye kitanda chako kile kibovu, nimetazama juu, nijue kama fundi ni mkweli. Tone moja likidondoka, ataniona.

Kwaheri, Mihambo. Tua mzigo, mpagazi wangu. Ndoo nimeshaitoa.

Mtani wako, mwenye nyumba,
Tatu